Ngeli ya Wasiojulikana

Sanduku lilikuja kwa treni, likachelewa Tabora siku mbili,
limezungushiwa utepe wa rangi ya chungwa,
ndani vichupa vinane vya tope
na mwandiko wa Nyamizi, tuliyelala naye chumba kimoja chuoni:
Usicheke. Nisaidie kuhesabu.
Mia tatu kila kichupa. Macho yangu yamegoma.

Tope la ghuba ya mbali, ambako mto wa barafu
unaingia baharini ukisaga miamba
kama mtu anayesaga meno usingizini.
Mimi barafu niijuayo ni ile ya ubuyu,
ya mfukoni, pale stendi ya Mwanga,
inayokuachia ulimi mwekundu na vidole vya kunata.

Naliosha juu ya chekeche. Maji yanatoka ya kijivu,
kisha kama maziwa, kisha maji.
Kinachobaki hakitoshi kutia chumvi yai moja.
Nakimwaga kwenye trei nyeusi,
nalowesha ncha ya brashi, nainamia hadubini,
kumbe kuna watu.

Kabla ya kufungua chati huwa nawapa majina ya jikoni.
Huyu andazi, kavimba kila upande.
Hawa vitumbua vilivyotobolewa kwa kijiti.
Huyu kunde nne ndani ya ganda lake.
Na huyu aliyejiviringa kama chapati kabla haijasukumwa,
huyu namtazama mara mbili:
akizungukia kushoto, ametoka maji ya baridi kali.
Kwetu mkono wa kushoto haugusi ugali.
Kwao, naona, kushoto ndiko nyumbani.

Mama huchambua dagaa Kibirizi,
wazima huku, waliokatika huku, mchanga nje,
na vidole vyake havimuulizi kitu.
Jana alinipitia kuchukua funguo, akachungulia,
akafumba jicho silo,
nikamgeuza kichwa taratibu mpaka akaona.
"Hawa nao wanaliwa?"
Wamekufa zamani mama, miaka elfu tisa.
"Basi usiseme hawa. Sema haya. Maganda."
Akaondoka na funguo, akaniachia ngeli.

Mwalimu Ruhwanya alikuwa akigonga ubao:
chenye uhai ni A-WA, hata kiwe kiroboto!
Hatukumuuliza uhai ukitoka herufi inakwenda wapi.
Maiti yake, maiti wake,
watu wazima bado wanabishana msibani.

Dirishani ziwa linametameta tu.
Haya tunayaita maji baridi,
ingawa watoto wanashinda humo hadi ngozi inakunjamana.
Wageni wa zamani waliokota konokono wetu,
wakaona sura ya bahari,
wakasema: hapa bahari ilisahau mtoto.
Haikumsahau mtu. Konokono walijichongea sura ile wenyewe,
humu humu, bila kuonja chumvi.
Nimebandika hilo ukutani, juu ya swichi: SURA SI UKOO.

Swichi yenyewe leo ni pambo. Umeme umekatika
nikiwa kichupa cha sita, mia mbili na kumi na saba.
Nimesogeza meza dirishani, nimegeuza kioo kidogo,
jua la Kigoma likaingia kwa chini
likamulika tope ambalo halikuwahi kuliona.

Na hapo ndipo alipokuwa.
Si andazi. Si kunde. Ana mbavu,
ana mdomo uliopinda kama wa mtu aliyekatizwa maneno.
Nimepekua chati mbele, nyuma,
nimemgeuza kwa brashi, pumzi nimeibana
maana chafya moja tu na ukoo mzima umepotea.
Hayumo.

Safu ya mwisho kwenye fomu ya Nyamizi inasema
Haijulikani.
Nimetafuta kifutio, nimekikosa,
nikaikwangua ile i kwa wembe wa maabara,
herufi moja, karatasi ikabaki na kidonda chembamba:

Ha julikani.

Atasema nimemharibia fomu.
Mia mbili na kumi na nane.